Salamabila inahitaji sanduku lake la kuchunga karatasi zetu

SALAMABILA – Wiki chache zilizopita mama mmoja alifika kwenye redio, mtoto mgongoni. Ni mmoja wa ndugu zetu madeplase wanaokaa kwa jamaa pembeni ya mji. Alikuwa na swali moja tu: "Papa, zile picha za karatasi zetu mlizopiga, mngali nazo?"

Nilikumbuka. Siku walipofika hapa wakikimbia vita, mwenzetu mmoja alipiga picha kwa simu: akte za kuzaliwa za watoto watatu, bilteni ya shule ya mtoto mkubwa na karte ya uchaguzi ya baba yao. Hakuna aliyemtuma. Aliona karatasi zimeanza kulowa, akaona afadhali azipige picha. Baadaye mvua ilimaliza zile karatasi zenyewe. Sasa mtoto anaandikishwa shuleni, na wanamuomba akte.

Nilitafuta siku mbili. Simu ile iliibiwa zamani. Nakala tuliiweka ndani ya ordinateri ya redio, na ordinateri hiyo iliungua siku jenereta ilipotuma umeme kwa nguvu kupita kiasi. Flashi tuliyobaki nayo inafunguka, lakini ndani hamna kitu. Nilimwambia: "Mama, utusamehe, zimepotea." Hakugomba. Alisema: "Haizuru, Papa," akarudi.

Mimi naona inazuru. Na kwa sababu kosa lilikuwa letu, ninaandika leo, kwa jina langu na si kwa jina la redio, kusema kitu ambacho tungekifanya zamani. Salamabila inahitaji sanduku lake dogo la kuchunga faili, linalotumia umeme kidogo, la bei tunayoweza kuchanga wenyewe, na lenye nakala nyingine mbali na hapa.

Wengine watauliza picha ya karatasi inasaidia nini. Ni kweli, picha si akte. Lakini tuangalie vizuri. Sheria yetu ya familia inampa mzazi siku 90 kumwandikisha mtoto bila malipo. Siku hizo zikipita, lazima kupita kwenye tribinali kutafuta ile hukumu ambayo wengi wanaiita supletife. Hiyo ni safari, ni siku nyingi, na ni franka. Sasa, mtoto aliyekwisha kuandikwa yuko ndani ya kitabu cha serikali. Akte yake ina nambari, ina volimi, ina folio. Ukiwa na picha inayosomeka, mtu wa ofisi anajua ukurasa wa kufungua. Bila picha, anakuambia urudi kesho. Na kama kitabu chenyewe kiliungua, picha ni kitu cha kumuonyesha hakimu, kuliko kwenda mikono mitupu.

Hata mambo ya mashamba na viwanja ni vilevile. Tangu mgodi wa Namoya uanze kutoa dhahabu kwa biashara mwaka 2016, sote tumesikia mabishano ya nani alikuwa anakaa wapi, nani alilima wapi. Mtu aliyechunga karatasi na picha za nyumba yake anasikilizwa tofauti na mtu anayeleta mdomo peke yake.

Kuna watakaosema: weka kwenye intaneti, imekwisha. Wale wenye mega za kutosha wafanye hivyo, siwakatazi. Lakini sisi tunajua mtandao wa hapa: leo upo, kesho mnara umekosa mazuti. Na hata pale minara inapokuwa mizima, mtandao unaweza kufungwa kutoka juu. Tarehe 31 Desemba 2018, kisha uchaguzi, intaneti ilikatwa nchini mwetu, na ilirudi karibu na tarehe 20 Januari 2019. Karibu majuma matatu. Mtu aliyekuwa na karatasi zake huko tu, alikuwa hana karatasi. Zaidi ya hapo, wengi wanasahau neno la siri au wanapoteza laini ya simu, na mlango unafungwa kabisa.

Sanduku ninalolisema si kitu cha ajabu. Watu wa kompyuta wanaliita seva, lakini seva ni ordinateri tu inayochunga faili na kuzitoa kwa wengine. Inaunganishwa na ruta ndogo inayotoa waifai bila intaneti. Unakuja na simu yako, unaingia kwenye waifai ile, unaweka picha zako ndani ya sanduku, au unachukua zile ulizoweka zamani. Hakuna mega inayotumika. Si jambo geni katika mashariki yetu: kule kisiwa cha Idjwi, kwenye ziwa Kivu, kuliwekwa waifai ya jamii iliyoitwa Pamoja Net. Watu wa mbali na mji mkubwa wanaweza kuwa na mtandao wao.

Tutumie mashine gani? Vijana walionitembelea walinitajia Raspberry Pi, kibao kidogo kutoka Uingereza kilichoanza kuuzwa mwaka 2012. Ni kizuri kweli: kinakula wati 3 hadi 7 tu. Lakini hakina bateri yake, na mara nyingi programu yake inakaa juu ya kadi ndogo kama ya simu. Umeme ukikatika ghafla wakati inaandika, kadi inaweza kuharibika. Na kikifa, itabidi kutafuta kingine mbali sana na Kabambare.

Kwa hapa kwetu mimi nachagua laptopu kuukuu, hata ile yenye ekrani iliyovunjika. Watu wanaitupa kwa sababu haionyeshi vizuri, lakini seva haihitaji ekrani. Ukiisha kuipanga, unaifunga na kuiweka kwenye rafu. Ina bateri ndani, kwa hiyo umeme ukikatika inapata dakika za kujizima vizuri. Unaweka Linux, ambayo hailipiwi. Ikiwa imefungwa inakula kama wati 10 hadi 15. Ongeza ruta, wati 5, na disiki ndogo ya nje, wati 3 ikifanya kazi. Tuseme wati 20 kwa jumla. Ordinateri kubwa ya ofisi inakula mara tatu hadi tano zaidi ya hapo.

Tena, hakuna sababu ya kuiwasha usiku na mchana. Nani atakuja kutafuta bilteni saa nane za usiku? Tuifungue saa 5 kwa siku. Wati 20 mara saa 5 ni wati-saa 100. Pano ya jua ya wati 100, hata siku ya mawingu, inaweza kukaribia hapo. Siku ya jua kali inazidi mara tatu. Jambo moja la kuangalia: tusipitishe umeme kwenye kile kifaa cha kugeuza bateri kuwa umeme wa nyumba, maana chenyewe kinakula. Kuna sharjeri za gari zinazotoa umeme kwa laptopu moja kwa moja kutoka bateri ya volti 12. Hizo ndizo zinafaa.

Bei nilizopewa na wafanyabiashara wetu ni hizi: laptopu kuukuu dola 70, disiki mbili za nje za tera 1 kwa dola 60 kila moja, ruta dola 25. Jumla dola 215. Pano na bateri redio inazo tayari. Tera 1 ni kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Picha moja ya karatasi ni kama mega 3, kwa hiyo zinaingia zaidi ya picha 300,000. Na sauti, kama zile tangazo za kutafutana na ndugu tunazopitisha kila jioni, ikibanwa vizuri saa moja haifiki mega 30. Miaka mingi ya redio inaingia ndani ya kitu kinachoenea mfukoni.

Lakini mashine ni sehemu rahisi. Sisi hatukupoteza karatasi za mama yule kwa kukosa mashine, tulizipoteza kwa sababu nakala zote zilikuwa hapa hapa. Kwa hiyo disiki mbili za nje si za kupendeza. Faili zinakaa ndani ya laptopu. Disiki ya kwanza inabeba nakala hapa, na inachomolewa kazi ikiisha ili umeme mbaya usiiguse. Disiki ya pili inakaa Kasongo, kwa mtu au taasisi tutakayokubaliana. Kila mwisho wa mwezi mtu anayesafiri anabeba ile mpya mpaka Kasongo, anaiacha, na anarudi na ile ya zamani. Hivyo Kasongo haikai hata siku moja bila nakala. Njia ni mbaya wakati wa mvua, najua. Lakini nakala ya miezi miwili iliyopita ni bora kuliko neno "zimepotea".

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia woga, na sitaki kulificha. Disiki yenye majina ya watu ni kitu cha hatari katika eneo letu. Orodha ya nani amekimbia wapi, anakaa kwa nani, alizaliwa kijiji gani, ikiingia mikononi mwa mtu mwenye silaha, inaweza kuleta msiba. Afadhali kupoteza karatasi kuliko kuuzisha watu.

Ndiyo maana ninaomba masharti, na bila hayo mimi mwenyewe nitapinga sanduku. La kwanza: disiki zote zifungwe kwa neno la siri tangu siku ya kwanza. Linux inaweza kufunga disiki nzima, na mtu akibeba sanduku likiwa limezimwa, anabeba chuma tu. Tena iwe ndefu, isiwe jina la redio na mwaka. La pili: mtu anaweza kulazimishwa kusema neno la siri, kwa hiyo mambo mengine yasiingie kamwe. Hakuna orodha ya madeplase na nyumba wanazokaa. Hakuna sauti za mashahidi waliotuambia mambo kwa siri. Hakuna picha za majeruhi. La tatu: kila jamaa iweke karatasi zake kwa mapenzi yake, ione zake tu, na ikisema "futa", zifutwe hapa na Kasongo. Hata Kodi ya Numeriki ya nchi yetu, ya tarehe 13 Machi 2023, inataka mambo ya mtu yaheshimiwe. Lakini hata kama sheria isingekuwepo, heshima ipo.

Rafiki mmoja aliniambia: "Watu wanalala njaa, na wewe unaongea ordinateri." Neno lake ni zito. Sisemi tuchukue pesa za unga. Dola 215 ni kitu ambacho makanisa, misikiti, shule, wafanyabiashara wa dhahabu na sisi watu wa redio tunaweza kuchanga bila kugusa sahani ya mtu. Na njaa yenyewe mara nyingine inafuata karatasi: mtu asiye na karte anasumbuliwa kwenye bariere, mtoto asiye na akte anarudishwa shuleni, mjane asiye na karatasi ya shamba anafukuzwa na shemeji.

Kuna sababu nyingine tena. Mambo ya Kasongo ya karne ya 19 tunayajua sana kupitia Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kwa sababu yeye aliandika maisha yake kwa Kiswahili na kitabu kikachapwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Wababu zetu waliofungwa kamba kwenye misafara hawakuacha karatasi. Kwa hiyo mpaka leo yeye anasema, wao wananyamaza. Vita hii yetu nayo itaandikwa siku moja. Sipendi iandikwe na wale tu waliokuwa na mahali pakavu pa kuchunga maneno yao.

Ninapendekeza tuanze hivi. Shirika la raia, machefu wa mitaa na wawakilishi wa madeplase wachague watu watano, na kati yao wawepo wanawake na madeplase wenyewe. Neno la siri ligawanywe kwa watu wawili, kila mmoja nusu yake. Redio itoe rafu chini ya pano. Ombi hilo nimekwisha kulipeleka kwa wakubwa wangu. Na kila mwezi, mbele ya wale watano, tufungue faili kumi za kubahatisha kwenye kila disiki kuona kama zinasomeka. Flashi yetu ilikuwa inawaka taa miaka miwili bila mtu kuangalia kama ndani kuna kitu.

Wenye mawazo tofauti, hasa ninyi mnaoogopa jambo la majina, njooni redioni tuzungumze kabla ya kununua hata waya mmoja. Mama yule anaendelea kutembea kwenye ofisi akitafuta ukurasa wa watoto wake. Tukimsaidia kuupata, nakala ya kwanza ya sanduku hili iwe ya kwake, kama atakubali.