Nusu Pointi ya Saa ya Mwisho

Mchezo wa sataranji kati ya wachezaji wawili wa ridhaa mashindanoni hutawaliwa na vitu viwili visivyokuwepo barazani: saa na karatasi. Katika michezo mirefu, kila mmoja mara nyingi hupewa dakika 90, na sekunde 30 za nyongeza kwa kila hatua. Hatua zote huandikwa. Kete iliyoguswa kwa makusudi lazima ichezwe, ikiwa ina pa kwenda kihalali. Hatua batili ya kwanza humzawadia mpinzani dakika 2. Ya pili hupoteza mchezo. Kanuni hizi za FIDE, shirikisho lililoundwa Paris mwaka 1924, humbana mwanagenzi sawa na bingwa.

Ufunguzi hupita upesi, kwa kukariri. Mpinzani ambaye hakukariri huiacha njia hiyo mapema, na bidii ya wiki nzima huishia hapo.

Utajiri wa mchezo uko mwishoni, kete zikiwa chache na akili zimechoka. Mfalme mweupe yuko e5, askari wake e4, mfalme mweusi e7. Zamu ikiwa ya mweusi, mweupe anashinda: mweusi akisogea d7, mfalme mweupe huingia f6, akienda f7, huingia d6, na askari husindikizwa hadi awe malkia. Zamu ikiwa ya mweupe, matokeo ni sare, mradi mweusi arudi kila mara kumkabili mfalme mwenzake ana kwa ana. Askari huyo akiwa safu ya a au h, na wafalme wakiwa mbele yake vivyo hivyo, ni sare kwa zamu yoyote, kwa sababu mfalme mweusi hujibanza pembeni na hang'oki.

Capablanca wa Cuba, bingwa wa dunia kuanzia 1921 hadi 1927, alifundisha miisho ya aina hii mapema kabisa katika kitabu chake Chess Fundamentals. Ndivyo vilabu vinavyopaswa kufanya: maarifa haya hayategemei mpinzani amechagua nini.

Karatasi nayo ina uzito wake. Hali ileile ikitokea mara tatu, sare hudaiwa na mchezaji mwenyewe mwenye zamu. Mwamuzi huingilia bila kuombwa ikifika mara tano tu. Mchezo ukiisha, wote wawili husaini, na katika mfumo wa Uswisi kila mmoja hupangiwa, kadiri inavyowezekana, mpinzani mwenye pointi sawa na zake.