Paa la Ghorofa Si la Aliye Juu Peke Yake

Katika majumba ya ghorofa hapa Kampala tunasikia maneno haya kila mara: "Mimi nakaa chini, paa likivuja linanihusu nini?" Tunasema linakuhusu! Sheria ya Uganda ya mwaka 2001 kuhusu umiliki wa fleti inamfanya kila mwenye fleti kuwa mwanachama wa shirika la wenye nyumba, apende asipende, na paa, ngazi na uwanja ni mali ya wote, kila mmoja kwa hisa yake. Aliyenunua fleti alinunua na wajibu wa kuitunza nyumba nzima.

Wengine hawalipi kwa sababu kamati haitoi hesabu. Kulalamika ni haki yao, na kamati inayoficha risiti za fundi wa pampu haina udhuru. Lakini mgomo huo unamwadhibu nani? Pampu ikifa, mweka hazina ana gari la kuchotea maji. Mjane wa ghorofa ya nne anapanda na madumu. Lipeni, kisha daini hesabu mkutanini, kwa maandishi. Na wapangaji nao wasikilizwe, maana wao ndio wanaolala chini ya paa linalovuja, ilhali mwenye fleti yuko mbali akingoja kodi.