Wauza masomo ya mtandaoni wataje walikochota



Naomba nafasi katika ukurasa wa wasomaji ili nitoe maoni yangu juu ya masomo yanayotengenezwa na kuuzwa kwa njia ya mtandao. Siku hizi hata sisi tulioko vijijini tunayapata kwa simu, na wapo wazazi wanaoyalipia. Jambo lenyewe ni jema, kwani shule yenye upungufu wa vitabu inaweza kunufaika sana kwa somo moja lililoandaliwa vizuri. Lakini umeingia mchezo ambao hauna budi kukemewa, nao ni wa kuchukua kazi ya mtu mwingine na kuiuza bila kumtaja.

Mwaka jana mzazi mmoja aliniletea simu yake nimwangalizie kozi ya sayansi aliyomnunulia mtoto wa darasa la sita. Michoro yote ilikuwa imepigwa picha kutoka katika kitabu cha kiada. Jina la kitabu na la mchapishaji yalikuwa yamekatwa, lakini namba za kurasa zilibaki pale chini. Juu yake mwenye kozi alikuwa ameweka jina lake na namba ya kulipia.

Wapo wanaodai kuwa elimu haina mwenyewe, hivyo anayefundisha asibughudhiwe. Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Hakuna awezaye kumiliki habari kwamba moyo husukuma damu, na kila mwalimu yuko huru kuieleza kwa maneno yake. Kinacholindwa ni maneno, michoro, picha na sauti ambazo mtu ametumia kueleza. Tanzania Bara inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya 1999, na Zanzibar inayo sheria yake ya 2003.

Sheria hiyo ya 1999 haikumfunga mwalimu mikono. Inamruhusu kunukuu, na kutumia kazi ya mwingine kama mfano wa kufundishia, kwa kiasi kinachohitajika na kwa haki, mradi ataje chanzo na jina la mtungaji. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania ilijiunga nao 1994, unasema vivyo hivyo katika kifungu cha 10. Kwa hiyo kutaja jina si hisani, ni sharti.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba ukishataja jina umemaliza. Kutaja ni jambo moja na ruhusa ni jingine. Mtu akipiga picha kitabu kizima na kukiuza bila ruhusa, hata akiandika jina la mtungaji kwa wino mwekundu, bado ameuza kisicho chake. Wapo watungaji waliofungua mlango wenyewe kwa leseni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa 2002. Lakini leseni hizo nazo zina masharti. Zote sita zinazotumika sasa zinataka mtungaji atajwe, na baadhi yake zinakataza biashara. Kitu kusomwa bure hakumaanishi kwamba yeyote anaweza kukiuza.

Kwa maoni yangu, anayeumia zaidi ni mwanafunzi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa kwa awamu Januari 2024. Somo lisilo na jina la kitabu wala mwaka, mzazi atajuaje kama ni la mtaala huu au wa zamani? Likiwa na kosa, mwalimu hana pa kwenda kuhakiki. Mtungaji akilisahihisha katika toleo jipya, mtoto aliyenunua kozi atabaki na kosa lake.

Anayefuata kwa kuumia ni mwalimu. Anakesha akiandaa notisi na kuchora, kisha anawagawia wenzake kwa moyo mweupe. Zikishapita katika makundi mawili matatu ya simu, zinaibuka kwa jina la mtu mwingine, tena kwa bei. Matokeo yake, wenye notisi nzuri wanaanza kuzificha, na shule zetu ndizo zinazopata hasara. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Natoa mwito kwa waandaaji wa kozi kwamba mwisho wa kila somo waandike jina la mtungaji, jina la kazi, mwaka, mahali ilipopatikana na ruhusa waliyopewa. Kama mchoro umebadilishwa, waseme. Ni mistari michache tu. Ofisi ya Hakimiliki (COSOTA), kwa kushirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania, itusaidie walimu kwa karatasi moja ya Kiswahili chepesi inayoeleza kipi kinaruhusiwa na kipi kinahitaji kibali, nayo ibandikwe katika kila ofisi ya walimu. Vyuo vya ualimu navyo vifundishe jambo hili pamoja na maandalio ya somo. Wazazi nao waulize kabla ya kulipa: somo hili limetoka wapi?

Kila siku tunamwonya mtoto anayenakili daftari la mwenzake. Hatutakuwa na uso wa kumwonya ikiwa somo tunalomnunulia nalo limenakiliwa.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa, Dodoma.