Uhai wa betri umo usoni mwake

Betri aghalabu husifiwa kwa wingi wa umeme inaohifadhi. Mimi ni mwanaisimu, wala si mwanakemia. Hata hivyo nadiriki kusema kwamba sifa hiyo haitoshi. Betri ya kuchajiwa huishi au hufa kutokana na hali ya uso wa elektrodi zake.

Chukua mfano wa betri ya nikeli na haidridi, iliyoingia sokoni karibu na mwaka 1990, na ambayo gari la Toyota Prius lilitoka nayo nchini Japani mwaka 1997. Elektrodi yake hasi ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayofyonza haidrojeni kama sifongo ifyonzavyo maji. Uwezo huo wa aloi ya lanthani na nikeli ulibainishwa katika maabara ya Philips mjini Eindhoven, Uholanzi, mwishoni mwa miaka ya 1960.

Aloi hiyo, hata hivyo, ilikuwa na ila. Ilipofyonza haidrojeni ilivimba, ilipoitoa ilinywea, hatimaye ikapasuka. Kila ufa ulifunua uso mpya, na kila uso mpya ukaliwa na kemikali kali iliyomo betrini. Kuchanganya kobalti kulipunguza uvimbe huo, lakini uso wenyewe ulihitaji tiba yake.

Tiba mojawapo inastaajabisha. Unga wa aloi huchovywa katika kemikali ya moto ya jamii ile ile inayoila ndani ya betri. Metali zinazolika upesi, kama vile alumini na manganizi, huyeyuka na kuondoka usoni, na utando wenye nikeli nyingi hubaki. Utando huo hupitisha umeme vyema na kuharakisha mmenyuko, hivyo betri huamka mapema na kuchajika kwa wepesi. Njia nyingine ni kuzivika chembe za aloi utando mwembamba wa shaba au nikeli, sawa na bangili inavyochovywa dhahabu.

Sasa, msomaji, yatazame maneno niliyoyatumia: fyonza, vimba, nywea, ufa, utando, chovya. Tulichokopa ni majina ya vitu. Kiini cha hoja, yaani nini husababisha nini, kimeelezwa kwa maneno ya jikoni na ya sonara. Wanaodai kwamba Kiswahili hakimudu sayansi wanachanganya uhaba wa istilahi na uhaba wa fikra.

Suala hili si la vyuoni pekee. Magari mahuluti yaliyokwisha kutumika Japani yanashushwa Mombasa, na betri zake zinachoka. Atakayezifungua ni fundi wa gereji, ambaye kazi yake huifanya kwa Kiswahili. Asipoelezwa kwamba ndani mna kemikali ya kuunguza ngozi na umeme wa kuua, ujinga huo hautakuwa wake peke yake. Utakuwa pia wetu sisi tuliosoma tukanyamaza.

Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Urasmi huo hauna budi kufika maabara. Mwalimu wa kemia na mwalimu wa Kiswahili waketi meza moja, wampe mwanafunzi insha ya kueleza jinsi betri inavyochakaa. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Na mwundaji hujifunza kwa lugha anayoifikiria.