Mchanga wa Ziwa si Kiwanja

Kila mara maji ya Tanganyika yapandapo nasikia neno moja katika mialo yetu, toka Kibirizi hata Ujiji: "Ziwa limetuvamia." Neno hili si kweli, nami nataka kulipinga, maana mtu adhaniye kwamba amevamiwa hungoja adui aondoke, kisha hujenga tena pale pale.

Natulitazame ziwa lenyewe. Urefu wake ni kadiri ya kilomita 670, na kina chake chafika mita 1,470; katika maziwa ya dunia ni Baikal peke yake lilipitalo kwa kina. Mto Malagarasi waingia kutoka kwetu, Ruzizi kutoka kaskazini, pamoja na vijito vingi. Lakini mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, huko Kalemie upande wa Kongo. Tena mlango huo ni mwembamba: maji yaliyo mengi hayatoki kwa mto, bali huchukuliwa na jua. Ndiyo sababu mvua za miaka michache hulijaza ziwa upesi, nalo hushuka polepole mno.

Mlango huo nao una mambo yake. Cameron aliuona mwaka 1874. Stanley alipofika mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na mafunjo, na ziwa lazidi kupanda. Karibu na mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi, na mwaka 1879 Hore, mmisionari aliyekaa Ujiji, akaona Lukuga ukienda kwa nguvu. Katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kadiri ya mita 10. Ufuo wa Ujiji ni tambarare, basi maji yakaenda mbali, yakaacha mchanga mtupu. Na reli ilipofika mwaka 1914 ilikomea Kigoma, penye ghuba ya kina, si Ujiji.

Mchanga ule ndio tuuitao leo kiwanja. Hatukuununua kwa mtu, wala hatukupewa na ziwa, tuliazimwa tu. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 mwenyewe alikuja kudai, maji yakafika kilele mwaka 1964. Tukasahau. Akaja tena mwaka 2021, na tena mwaka 2024, maji yakaingia nyumbani kwa watu wa Kigoma, Kalemie na Bujumbura. Mdai ajaye mara tatu si mvamizi.

Najua jibu: "Mwalimu, sisi tutakula nini? Dagaa huanikwa mchangani, na mitumbwi hailali mlimani." Vema. Anikeni dagaa, vuteni mitumbwi, jengeni vibanda vya nyavu na karabai. Hivyo vyahamishika kwa siku moja. Nikatazacho ni nyumba ya kulala watoto, choo cha shimo, ghala na darasa. Choo kikifurika, maji yale yale ndiyo tuyachotayo, na kipindupindu hakiulizi nani alijenga kwanza.

Wengine watasema, "Sheria yatosha." Kweli, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo upi? Penye genge mita 60 ni nyingi. Penye tambarare, ziwa likipanda kimo cha mtu laweza kuzimeza zote. Apimaye toka maji ya mwaka wa mvua haba hajapima kitu. Yatupasa kupima kwa kimo, si kwa hatua. Kila serikali ya kijiji na iwaite wazee walioyaona maji ya 1964, waonyeshe yalipofika. Hapo pasimamishwe nguzo ya jiwe, na chini yake asigawiwe mtu kiwanja. Wazee hao wapungua kila mwaka, wala maji hayatatungoja mpaka tukumbuke kuwauliza.