Kifua kikuu sugu si adhabu ya uzembe

Imekuwa mazoea kwamba mtu akisikika ana kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida, watu humhukumu papo hapo: alikatisha dozi huyo. Sokoni au kwenye foleni ya mpakani, maneno hayo yanatosha kumfanya mgonjwa afiche kikohozi chake. Kwa mtazamo wangu, wakati umefika wa kuyaacha, maana vijidudu vyenyewe vimetoa ushahidi.

Kijidudu cha TB kina maandishi yake ya urithi, jenomu, yenye herufi zipatazo milioni 4.4. Yalisomwa yote kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Vijidudu vya wagonjwa wawili vikikaribia kulingana herufi kwa herufi, ni dalili kuwa wagonjwa hao wako katika mnyororo mmoja wa maambukizi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulisoma jenomu za vijidudu sugu vilivyokusanywa nchini Rwanda kati ya 1991 na 2018. Katika sampuli 308 zilizochambuliwa, 213 zilikuwa za ukoo mmoja, unaokadiriwa kuanza mwaka 1987. Kama kila mgonjwa angejitengenezea usugu wake kwa kuruka vidonge, tungekuta koo nyingi tofauti. Ni wazi basi kwamba wengi walivuta hewani kijidudu ambacho tayari kilikuwa sugu.

Sisemi kukatisha dozi ni jambo dogo. Huko ndiko usugu unakoanzia. Lakini aliyeambukizwa hana kosa, na akijificha anaambukiza wengine. Tangu 2014, Rwanda ilipoanza kupima usugu kwa wagonjwa wote waliothibitishwa maabara, sehemu ya ukoo huo katika TB sugu ilishuka kutoka asilimia 82 hadi 64.

Kusoma jenomu kunamsaidia pia daktari kuchagua dawa. Kipimo cha GeneXpert hujibu kwa takriban saa mbili kama kijidudu kinashindana na rifampisini. Hata hivyo, tiba ya miezi sita iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2022 inatumia bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Je, kijidudu hakijazizoea hizo nazo? Mwaka 2024 WHO ilitoa mwongozo wa kusoma vinasaba teule moja kwa moja kutoka kwenye makohozi, ili dawa nyingi zichunguzwe kwa mkupuo. Tusisahau kwamba tiba ya zamani ilifika miezi 20, na sindano zake ziliwaacha baadhi ya wagonjwa viziwi.

Sisi watu wa mipakani tuna haja ya pekee. Mfanyabiashara anaweza kupimwa Kabale na kutibiwa Kigali. Majibu yake yakibaki upande mmoja, upande wa pili unaanza kubahatisha. Maabara ya rufaa ya Uganda tayari inatambuliwa na WHO kuhudumia nchi nyingine, tangu 2013. Serikali za Jumuiya ya Afrika Mashariki zigharamie usomaji huu hapa hapa kwetu, na majibu yamfuate mgonjwa avukapo.

Na sisi tufanye letu. Mwenye kikohozi cha wiki mbili aende kupimwa, na jirani asimuulize alikatisha dozi gani.