Usiibe Jina la Amri

Jina `gs` lina mwenyewe. Ni la Ghostscript, programu ya kushughulikia PDF ambayo imekuwepo tangu 1988. Lakini chungulia `.bashrc` za wasee wengi wa kompyuta hapa Nairobi, utapata `alias gs='git status'`. Siku moja jamaa anataka kupunguza uzito wa PDF, anaandika `gs` na swichi zake zote, halafu git inamgombeza kwamba haizijui. Anaanza kulaani Ghostscript. Ghostscript haijaguswa hata! Sheli (na sisemi ile ya petroli) huangalia lakabu kwanza, kabla ya kutafuta programu iliyowekwa kwenye mashine. Pale mtaani ukiita Brayo, wanageuka watano. Sheli humchukua wa kwanza na haiulizi unamtaka yupi.

Hiyo ni hasara ndogo. Mimi ugomvi wangu hasa ni na `alias rm='rm -i'`, ile lakabu tunayouziwa kama kinga. Ati itakuuliza kabla ya kufuta. Kweli, itakuuliza, na kila siku itakufundisha kwamba `rm` ni kitu mpole. Nilizoea kuandika `rm *` kisha najibu y kwa takataka na n kwa ninachotaka kubaki nacho. Siku moja nikaingia kwenye seva ya mteja, folda ya mahojiano niliyonakili kwa wiki mbili, nikaandika vilevile. Nikangoja swali. Hakukuwa na swali. Ile lakabu ilikuwa kwa laptopu yangu, na huku `rm` ilikuwa `rm` yenyewe. Mahojiano yakaenda, na malipo yakafuata.

Najua mtaniambia kuna njia ya kukwepa: andika `\rm` na lakabu inarukwa. Sawa. Nani anakumbuka hiyo saa nane usiku?

Watu wa Debian wana adabu ambayo sisi hatuna. Programu ya `bat` ilipofika kwao ikakuta jina limeshachukuliwa, ikaitwa `batcat`. `fd` nayo ikawa `fdfind`. Watumiaji wananung'unika, lakini hakuna mgeni aliyemnyang'anya mwenyeji jina.

Na sisi tuna lugha nzima ambayo haijaguswa! Herufi mbilimbili za Kiingereza zimejaa kama matatu ya jioni, lakini andika `type -a futa` uone: hakuna kitu. `type -a hali`: hakuna kitu. Basi `alias futa='rm -i'`, `alias hali='git status'`, na `rm` na `gs` zibaki na wenyewe. Nilipomwonyesha rafiki yangu alicheka, akasema Kiswahili kwa terminali ni ushamba, na pia herufi nne ni nyingi. Huyohuyo hutumia nusu saa akitafuta kwa nini amri yake imegeuka.

Lakini alikuwa na swali moja la maana: je, ukienda kwa mashine isiyo na lakabu zako? Hapo ndipo raha ilipo. Unaandika `futa *` kwa seva ya watu, sheli inakujibu haiijui amri hiyo, na faili zote bado ziko palepale.